Mjadala: Sumaku hugeuza superkondakta za shaba kuwa za pande mbili (bapa, kila tabaka kivyake), au zilikuwa hivyo tangu mwanzo?

Mdadisi: Wadau, superkondakta hizi, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa sana, zimejengwa kwa tabaka za shaba na oksijeni. Uga sumaku ukizipiga wima, je, unazitenganisha tabaka, au kila moja ilikuwa kivyake tangu awali?

Nuru77: Unazitenganisha. Uga hupenya kama nyuzi, kila uzi umezungukwa na mkondo wa umeme, ndicho kizunguko. Uga ukiwa mdogo, vizunguko vya tabaka zote vimepangana kama mnara wa sarafu. Ukiuongeza, mnara unabomoka, kila tabaka na vyake. Kwa zile zenye bismathi hutokea mapema. Zenye itriamu zinataka uga mkubwa mno. Zenyewe ziligunduliwa 1987.

MzeeWaMaabara: Ni 1986, ndugu! Wanafizikia Bednorz na Müller, huko Zürich. 1987 ndiyo walipewa Nobel. Na hizo sarafu ziache, zinapotosha watu.

Nuru77: Mwaka nimekosea, nakubali. Sarafu siachi. Asiyeona picha hesabu itamshinda.

MzeeWaMaabara: Sarafu zimegusana tu. Vizunguko vya tabaka tofauti huvutana, kwa jozi za elektroni (ndizo zinazobeba umeme bila ukinzani) zinazovuka tabaka na kwa sumaku yenyewe. Hata jozi zikiacha kuvuka, mvuto wa sumaku unabaki. Picha yako haina hilo, na hilo ndilo kiini cha swali!

DadaKelvini: Mimi nimebandua fuwele ya bismathi kwa utepe wa gundi. Ganda linatoka jeusi, jembamba, linang'aa kama kioo. Anayedai tabaka zile zinangoja sumaku ziachane hajawahi kuishika.

Nuru77: Kubanduka ni habari ya atomi, si ya jozi za elektroni. Na nimeishika, dada, miaka mingi.

DadaKelvini: Sikukutaja wewe. Haya, chukua superkondakta ile ya lanthanamu yenye atomi 1 ya bariamu kwa kila shaba 8. Vipimo vya 2007, bila uga wowote: karibu na kelvini 40 (kama nyuzi -233 za Selsiasi) ukinzani ndani ya tabaka uliporomoka, wa kuvuka tabaka ukabaki mkubwa. Kila tabaka kivyake, sumaku iko wapi hapo?

Nuru77: Hiyo elektroni zake zimejipanga mistari, na mistari ya tabaka moja inakatana na ya jirani. Usiifanye hakimu wa zote.

MzeeWaMaabara: Hapo Nuru yuko sahihi. Lakini sarafu bado sizikubali.