Dereva mpya wa masafa marefu: nichague kampuni ipi kati ya hizi tatu?

Mgeni wa Trela

Wakuu habari zenu. Leseni ya lori lenye trela ninayo na mafunzo nimemaliza, ila uzoefu wangu ni wa kusambaza mizigo kwa lori la ekseli mbili tu. Kampuni tatu zimekubali kunichukua, na zote zinataka jibu ndani ya wiki mbili.

Ya kwanza ni kubwa, ina mamia ya malori, inabeba makontena na bidhaa za bodi iliyofungwa. Inalipa kwa kilomita, lakini zile zenye mzigo tu. Ya pili ina malori 14, inabeba vyuma na mbao kwenye trela la wazi. Mshahara ni wa mwezi pamoja na posho ya safari. Ya tatu inanikabidhi lori kwa mkopo: marejesho yanakatwa kwenye mapato kila mwezi, na baada ya miaka 4 lori linakuwa langu. Kwenye makaratasi hiyo ya tatu inazipita zote kwa pesa.

Naomba wenye kuijua kazi mnisaidie. Niulize nini na nikague nini kabla ya kusaini?

Mzani Sawa

Ya tatu iache kwa sasa, mkuu. Rejesho la mkopo halibadiliki, ila mizigo inabadilika, na anayekupangia mizigo ndiye huyohuyo anayekudai. Mwezi wenye safari mbili badala ya nne, deni liko palepale. Juu yake weka bima, sevisi, dizeli na matairi. Kichwa cha ekseli tatu kikivuta trela la ekseli tatu lenye matairi pacha ni matairi 22, na dereva mgeni huyamaliza haraka kwa kupanda kingo na kukata kona kwa ufinyu, sawa na anavyomaliza klachi. Soma pia kipengele cha kuvunja mkataba. Mara nyingi ukishindwa mwaka wa tatu lori linarudi kwao, na ulichokwisha kulipa hakirudi.

Kwa hizo mbili nyingine, usilinganishe kiwango cha kilomita na mshahara wa mwezi hivihivi. Geuza vyote viwe malipo kwa siku moja uliyo nje ya nyumbani. Chukua safari ya kilomita 1,200 kwenda na 1,200 kurudi. Kampuni inayolipa 10 kwa kilomita yenye mzigo, ukirudi mtupu, inakupa 12,000. Inayolipa 7 kwa kila kilomita ya gurudumu, yenye mzigo na tupu, inakupa 16,800. Anayetangaza kiwango kikubwa ndiye anayelipa kidogo. Sasa weka siku: 5 za kuendesha, 1 ya kupakia, 2 za kusubiri kushusha. Ile 12,000 ni 1,500 kwa siku. Foleni ikiongezeka siku 3 inashuka hadi karibu 1,090, na wewe bado umelala ndani ya kichwa.

Kwa hiyo maswali yangu kwa kampuni ya kwanza yote ni ya lori lililosimama. Malipo ya kusubiri yanaanza saa ya ngapi baada ya kufika, na nani anasaini muda? Lori likiharibika njiani, siku za kungoja fundi zinalipwa? Ni safari ngapi kati ya kumi zinapata mzigo wa kurudi? Na kilomita zinahesabiwa kwa mita ya lori au kwa jedwali la ofisi? Jedwali likiwa fupi kwa asilimia 5 tu, katika kila kilomita 1,200 umefanya 60 za bure.

Halafu kuna mafuta. Kampuni nyingi humpa dereva kiasi maalumu kwa safari na upungufu hukatwa kwake. Lori lenye mzigo kamili hunywa kama lita 30 hadi 40 kwa kilomita 100, kutegemea milima, uzito na mguu wa dereva. Ukipewa 38 kwa kilomita 100, safari ya 1,200 ni lita 456. Injini ikinguruma imesimama hula kama lita 3 kwa saa, kwa hiyo saa 10 za foleni ni lita 30 ambazo hazimo kwenye hesabu yao. Uliza kama kiasi kinatofautiana kati ya kwenda na mzigo na kurudi mtupu, na kati ya njia ya milima na ya tambarare. Namba moja kwa njia zote ni dalili kwamba makato yatakuwepo kila mwezi.

Kamba na Mnyororo

Nimuongezee kuhusu hiyo kampuni ndogo, maana hajui anachoitiwa. Trela la wazi ni kazi mbili: kuendesha na kufunga. Vyuma haviko ndani ya bodi; kinachovizuia visije kwenye kibini ni hesabu yako ya kufunga.

Kanuni ya Marekani inataka jumla ya uwezo wa vifungio ifikie angalau nusu ya uzito wa mzigo. Mzigo wa tani 24 unadai tani 12; mikanda yenye uwezo wa tani 2.5 kila mmoja itakuwa 5. Uwezo unausoma kwenye lebo ya mkanda, na mkanda usiosomeka lebo ni wa kutupa. Ulaya huhesabu kwa nguvu: mzigo uzuiwe usisogee mbele kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake, na 0.5 kwa pembeni na nyuma. Yaani tani 20 za chuma zinataka kuzuiwa kwa nguvu ya tani 16 mbele unapokanyaga breki ya ghafla. Mkanda unaopita juu ya mzigo unaubana tu kwenye sakafu. Chuma juu ya chuma kinateleza, ndiyo maana mzigo husukumwa hadi uguse ukuta wa mbele wa trela, ukawekewa mipira ya kuzuia kuteleza chini, na vilinda kona pale mkanda unapopita kwenye ncha kali.

Ukishaondoka, simama ndani ya kilomita 80 za kwanza ukaze upya, maana mzigo unakaa na mikanda inalegea. Kisha kagua kila saa 3 au kila kilomita 240. Mbao mbichi hulegeza zaidi, maana zinakauka na kunywea njiani.

Hii kazi inafundishika. Ila uliza: nani atakufundisha kufunga, kwa wiki ngapi, na mikanda iliyokatika inabadilishwa na nani? Wakijibu kwamba mikanda unajinunulia, hapo pamekwisha. Dereva anayejinunulia mikanda atatumia iliyochakaa.

Kontena ni nyepesi kujifunza: kufuli nne za kwenye kona za kontena, zote zimegeuzwa, umezigusa kwa mkono wako mwenyewe. Lakini usidanganyike kwamba bodi iliyofungwa haina shida. Mzigo uliopangwa vibaya ndani huuoni, utauhisi kwenye kona.

Spana 19

Mimi ni wa gereji, nitaongelea malori yenyewe. Omba kuingia uwanjani uone lori utakalopewa, si lile jipya lililoegeshwa getini. Wakikataa, hilo ni jibu.

Anza na matairi. Ubavuni kuna namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tafuta mipasuko midogo ubavuni na ulaji wa upande mmoja. Tairi la mbele lililolika bega la ndani au la nje linasema alaimenti (mpangilio wa magurudumu) imeharibika au bushi zimekwisha, na gereji yao hailioni. Tairi lililovalishwa mpira upya nikilikuta kwenye ekseli ya usukani, binafsi naondoka.

Kisha upepo wa breki. Weka vigingi kwenye magurudumu, jaza upepo hadi kipimo kipite bar 8 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), zima injini, achia breki ya maegesho. Kwa lori na trela, upepo usishuke zaidi ya bar 0.2 kwa dakika bila kukanyaga, na kama bar 0.3 ukiwa umekanyaga. Endelea kukanyaga na kuachia: taa na kengele ya onyo vinatakiwa viamke upepo ukikaribia bar 4. Kengele iliyokatwa waya ni kosa la makusudi, maana haijikati yenyewe. Fungua koki za chini ya matangi. Maji kidogo yanavumilika. Maji mengi yanasema kikaushio cha upepo kimekufa, na uji wa mafuta unasema kompresa (pampu ya upepo) inapitisha oili.

Tazama pia upande wa ndani wa ringi. Mstari wa grisi au oili iliyorushwa ni sili ya habu (kizuizi cha oili kwenye kitovu cha gurudumu) imekwenda, na oili ikifika kwenye laini za breki, yaani vipande vinavyosugua kusimamisha gurudumu, gurudumu hilo halishiki tena.

Mwisho omba kuona daftari la kasoro zinazoandikwa na madereva. Usihesabu kasoro. Angalia siku zilizopita kati ya dereva kuandika na fundi kusaini. Daftari lisilo na kasoro hata moja kwa miezi lina maana madereva wameacha kuandika.

Mgeni wa Trela

Nashukuruni sana, wakuu. La mkopo nimeshalifuta. Swali moja: nitajuaje kama watanisukuma kuendesha bila kulala? Kwenye usaili wote wanasema wanaheshimu saa.

Mzani Sawa

Usiwaulize kama wanaheshimu saa. Wape safari waipange mbele yako. Waambie: nimemaliza kupakia Jumatatu saa 12 jioni, umbali kilomita 1,100, naondoka Jumanne saa 12 asubuhi, niko peke yangu, mteja anipokee lini?

Wastani wa kweli wa lori, ukiweka miji na milima, uweke kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni zaidi kidogo ya saa 18 za usukani. Umoja wa Ulaya unaruhusu saa 9 kwa siku, na 10 mara mbili tu kwa wiki, pamoja na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu. Marekani inaruhusu saa 11 ndani ya dirisha la saa 14. Kwa kanuni yoyote kati ya hizo, jibu ni Jumatano, baada ya kulala usiku: kabla ya adhuhuri kwa ile ya Marekani, mchana kwa ile ya Ulaya. Akikujibu Jumanne usiku, ameshakupangia saa 18 mfululizo. Fuatisha hapohapo: nikichelewa kwa sababu nimelala, kuna makato? Sikiliza anasita wapi.

Kamba na Mnyororo

Na mafunzo pia, usiyapite. Uliza utakaa na mkufunzi wiki ngapi na yeye atakuwa wapi unapoendesha. Kuna mahali mgeni anashika usukani usiku huku mkufunzi kalala kitandani nyuma. Hapo kampuni imepata madereva wawili kwa bei ya mmoja na nusu, na hakuna anayekuona ukikosea gia kwenye mteremko.

Halafu mkataba: gharama za mafunzo unazirudisha ukiondoka kabla ya muda gani, na deni linapungua kila mwezi au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Makato ya uharibifu yana kikomo? Nani anaamua kwamba kosa ni lako?

Kwa anayeanza, mimi ningekwenda ile kubwa ya makontena kwa mwaka mmoja, lakini iwapo tu itakubali kuandika malipo ya kusubiri na ya kurudi mtupu. Ikikataa hayo mawili, ile ya malori 14 yenye mshahara inaipita, mradi kuna mtu wa kukufundisha kufunga.

Spana 19

Nakubaliana naye. Na siku ya kukabidhiwa lori, kokote utakakokwenda, piga picha pembe zote nne, mita ya kilomita, kipimo cha mafuta, kila tairi na namba yake, tairi la akiba na jeki. Kasoro ziandike kwenye fomu ya makabidhiano kabla ya kusaini na ubaki na nakala. Kioo kilichopasuka ambacho hukukiandika siku hiyo kitakatwa kwako siku ya kurudisha.