Naombeni ushauri: mradi unafungwa, programu yetu ya utafiti niihifadhije?

Mchambuzi_Data: Habari wakuu. Mradi unaisha mwezi ujao. Msimbo wetu wa Python uko GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo) kwenye akaunti ya mtafiti msaidizi anayemaliza mkataba. Jarida nalo linadai DOI (kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni) ya programu. Nianzie wapi?

Kipanga: Hamisheni ghala (repository, yaani msimbo pamoja na historia yake) kwenye akaunti ya kikundi wakati mwenyewe bado yupo. Pili, faili la LICENSE. Msimbo usio na leseni watu watauona tu, kisheria hawana ruhusa ya kuutumia. Ulizeni kwanza mwajiri na mfadhili haki ni za nani, ndipo mchague leseni huria, MIT au GPL.

DOI mtaipata Zenodo, hazina ya mtandaoni ya kazi za utafiti, ya CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya). Ingia kwa akaunti ya GitHub, washa swichi ya ghala lenu, NDIPO mtoe toleo (release). Toleo lililotangulia swichi halichukuliwi. Zitakuja DOI mbili, ya toleo hilo na ya matoleo yote. Kwenye makala tajeni ya toleo lililozaa matokeo.

Bi_Seva: Naongezea hapo. Zenodo inabeba toleo tu. Historia nzima ya mabadiliko pelekeni Software Heritage, hifadhi ya kudumu ya msimbo, mnabandika kiungo cha ghala na kuomba lihifadhiwe. Msitegemee GitHub peke yake, Google Code, huduma kama hiyo, ilikuwa kubwa na ikafungwa 2016. Ila pekueni historia kwanza! Nywila iliyofutwa leo bado imo kwenye mabadiliko ya nyuma. Dawa yake ni kuibadilisha kule inakotumika.

Mchambuzi_Data: Shukrani sana. requirements.txt (orodha ya maktaba za Python zinazohitajika) tunayo: numpy, pandas, gdal. Inatosha?

Kipanga: Haitoshi mkuu, haina namba za matoleo. Atakayesakinisha atapewa NumPy ya siku hiyo, na msimbo wenye np.float unagoma kuanzia toleo la 1.24, jina hilo liliondolewa. Endesheni pip freeze (amri ya kuorodhesha maktaba na namba za matoleo) ndani ya mazingira yaleyale yaliyotoa matokeo.

GDAL (ya data za ramani) ndiyo yenye shida zaidi. Inategemea maktaba ya C++ iliyo nje ya Python, pip freeze haiioni, na matoleo yasipolingana usakinishaji unakwama. Tumieni conda env export (amri ya conda inayoorodhesha mazingira, pamoja na maktaba zisizo za Python), au andikeni Dockerfile (maelekezo ya kujenga mazingira yote upya). Kisha mpeni mtu asiyeujua mradi, kwenye kompyuta nyingine, afuate README (faili la maelekezo) peke yake hadi atoe jedwali moja la makala. Atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Bi_Seva: Kama mna mafaili makubwa kwenye Git LFS (inayoyaweka kando ya ghala), fungueni zipu iliyofika Zenodo mkague. Kwa kawaida humo hukuta vielekezi vya mistari michache, data yenyewe haipo. Ipandisheni kando, ipate DOI yake.