Buldoza moja lifanye kazi yote? Naombeni ushauri wakuu

Msimamizi Mpya: Habari wakuu. Nimepata kazi yangu ya kwanza ya kusimamia: barabara ya udongo ya mita 700 kuingia kiwanjani, kisha kuchimba msingi wa ghala. Kuna visiki vingi, na udongo ni mfinyanzi. Mwenye mradi anataka mtambo mmoja tu, na ameng'ang'ania buldoza. Mimi nawaza ekskaveta, ule mtambo wa mkono mrefu wenye ndoo ya kuchimbia. Nisaidieni kabla sijasaini kukodi.

Mzee wa Saiti: Mkuu, buldoza ni la kusukuma. Visiki litang'oa, vilima litasawazisha. Ila ukisukuma udongo kupita mita 100 hivi unachoma mafuta bure. Hapo pakia kwenye tipa. Kazi ya msingi usilikabidhi kabisa, bledi (bamba lake la kusukumia) ni pana mno kwa mtaro. Ekskaveta ndiyo itachimba na kupakia. Halafu hesabu tipa vizuri: udongo ukichimbwa unavimba, mita 10 za ujazo ardhini zinaweza kufika 13 kwenye tipa.

Dereva wa Greda: Naongezea. Bila greda, mtambo wa kusawazisha na kuchonga barabara kwa bledi, hiyo barabara haitapata mgongo. Kwa upana wa mita 6, katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 12 hadi 15, maji yakimbilie mitaroni.

Dada Maabara: Wote mmesahau rola la kushindilia udongo, na barabara nyingi zinafia hapo. Nimeshaona barabara ikipendeza siku ya kukabidhiwa, mvua ya kwanza ikaacha mifereji ya magurudumu, kwa sababu udongo ulimwagwa nusu mita kwa mkupuo na rola likapita juu juu. Mwaga tabaka la sentimita 15 hadi 20, shindilia, ndipo uweke jingine. Kwa mfinyanzi tafuta rola la miguu ya kondoo, yale meno yanakanda udongo kutoka chini; la laini limalizie juu. Na boza la maji liwepo. Kamua udongo kiganjani: ukisambaratika kama unga, ongeza maji, ukikupaka matope, acha ukauke, ukishikana bonge, na bonge likavunjika vipande vichache ukilibana, shindilia hapo hapo.

Msimamizi Mpya: Asante sana dada, rola sikuwa nimeliweka kabisa kwenye bajeti. Ekskaveta nichukue ya matairi au ya minyororo?

Mzee wa Saiti: Minyororo. Mfinyanzi ukilowa, ya matairi itakwama. Ije kwa lobedi (trela la chini la kubebea mitambo), isitembee kwenye lami. Buldoza likodi siku za visiki tu, greda na rola vije pamoja.

Dereva wa Greda: Kabla ya kusaini, mwambie opereta wa ekskaveta ainue baketi (ile ndoo) kidogo, azime injini, kisha uitikise kwa mkono. Ikicheza sana kwenye pini zinazoishikilia, ekskaveta imechoka, omba nyingine.

Msimamizi Mpya: Kesho asubuhi naenda kuitikisa. Mwenye mradi nitampelekea hesabu ya rola na boza leo hii.