Elfu sitini ya vitabu, nianze na kipi?

Mbagala_Msomaji: Wakuu, nina elfu sitini nimeificha kabla sikukuu hazijaila. Nataka vitabu vya wachapishaji wetu wadogo, sio vya kiada. Kichwani nina vitatu: Peponi ya Gurnah, wasifu wa Mwalimu, au riwaya za hawa wanaojichapishia na kuuza WhatsApp. Nishaurini.

Binti_Kurasa: Peponi. Niliisoma kwanza kwa Kiingereza, ile ya 1994, nikaipenda, ila kuna kitu kilinikereketa. Yusuf na wenzake wanaongea Kiingereza ambacho chini yake unakisikia Kiswahili kabisa. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri (Mkuki na Nyota, 2022) maneno ni kama yalirudi kwao. Mtoto anatolewa kulipia deni la baba yake, kwa tajiri aliyemdhania ndugu. Kwa lugha ya nyumbani inauma zaidi. Nimeisoma mara mbili na bado sijamrudishia dada yangu.

Mzee_wa_Samora: Kijana, wasifu usiuruke. Juzuu tatu, 2020: Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Anza na ya tatu, ya Shivji, kwenye ujamaa wenyewe; utoto wa Butiama utaurudia baadaye. Kasoro yake ni moja, umeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu aliyemtafsiri Shakespeare!

Mbagala_Msomaji: Shikamoo mzee. Sasa juzuu tatu kwa elfu sitini?

Mzee_wa_Samora: Marahaba. Hapo umenishika.

Tegeta_Kwa_Ndevu: Mimi niwasemee wa WhatsApp. Mwaka jana nilinunua viwili, bodaboda akaniletea mpaka mlangoni. Cha kwanza kilikuwa balaa: gundi iliachia nikiwa ukurasa wa arobaini, na yule dada alianza akiitwa Rehema, sura ya sita kawa Rahma. Mhariri hakuwepo. Lakini cha pili! Hadithi ya daladala ya Gongo la Mboto, watu wanaongea kama sisi, nilicheka mpaka konda wa kweli akaniuliza nashukia wapi. Kwa hiyo usitume pesa kwanza. Omba kurasa kumi za mwanzo. Mwandishi akigoma, achana naye.

Binti_Kurasa: Hilo la mhariri ndilo unalolipia kwa mchapishaji, kaka. Jalada zuri hata steshenari wanatoa.

Tegeta_Kwa_Ndevu: Kweli, dada. Ila hiyo ya daladala nani angeichapa?

Mbagala_Msomaji: Basi Jumamosi naenda duka la TPH (Tanzania Publishing House), Samora, nichukue Peponi. Chenji itaenda kwa huyo wa daladala, Tegeta nitumie namba yake inbox.

Mzee_wa_Samora: Vizuri. TPH ndio waliomchapa Walter Rodney, kile cha How Europe Underdeveloped Africa, mwaka 1972, mchapishaji Walter Bgoya akiongoza, kabla hajaanzisha Mkuki na Nyota 1991. Ukiingia, ingia kwa adabu.

Mbagala_Msomaji: Sawa mzee. Na hiyo juzuu ya tatu, naweza kuja kuiazima?

Mzee_wa_Samora: Njoo. Uje na kitambulisho.