Naomba ushauri: naona haya kuogelea mbele ya watu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Lamu mjini, na tangu nijifungue mara ya mwisho nimenenepa sana, tena nina kovu la moto linaloanzia gotini hadi kwenye kifundo cha mguu. Bahari naipenda mno, na binti yangu wa miaka 8 hunisihi kila Jumapili niingie naye majini, lakini tukifika ufukwe wa Shela mimi hubaki mchangani nimeshika viatu vyake.

Nimejaribu kwenda mara baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajajaa. Siku ya tatu dera langu liliroa, likanigandama tumboni na kunisokota miguuni, na vijana wa mashua walipopita nilitoka mbio nikajifunika leso. Binti yangu aliniuliza nimechomwa na nini majini hata nikatoka mbio, nami sikuwa na jibu.

Naomba kujua: ni vazi gani la stara, na la kitambaa gani, ambalo likiroa haligandi mwilini wala haliwi zito? Na nyinyi mliowahi kuona haya kama yangu, mlianzaje kukaa majini ilhali watu wapo?