Ukidai haki yako kwenye taasisi ya dini unaambiwa huna wito. Hadi lini?

Wakuu, nimevumilia, sasa basi. Nimeajiriwa kwenye taasisi ya dini, sitaitaja, na wala sishambulii dhehebu la mtu. Nimeongea na wenzangu walioko kwenye taasisi za Kikristo na za Kiislamu, yanayotukuta ni yale yale. Tofauti iko kwenye aya zinazotumika kutufunga mdomo.

Niliingia huku kwa moyo mmoja, nikijua nitafanya kazi bila kuiacha imani yangu getini. Leo imani hiyo hiyo ndiyo fimbo ninayochapwa nayo. Uliza mshahara uliochelewa, utaambiwa thawabu yako iko mbinguni. Omba likizo iliyoandikwa kwenye mkataba, utaulizwa kama Shetani naye huenda likizo. Siku za mapumziko unaitwa kazini, na malipo ya muda wa ziada yanageuzwa kuwa "sadaka yako". Sadaka gani hiyo inayokatwa bila mwenyewe kuulizwa?

Na maandiko hayajaficha kitu. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua. Waraka wa Yakobo sura ya 5 unasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Kuna hadithi ya Mtume katika mkusanyiko wa Ibn Majah inayoagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Papa Leo XIII aliandika waraka mzima mwaka 1891 juu ya haki za wafanyakazi. Hayo kwenye ibada ya asubuhi ya wafanyakazi huyasikii. Utasikia Ayubu na subira yake, wiki baada ya wiki.

Ila fedha siyo iliyonivunja. Niliambiwa niandike kwenye ripoti ya wafadhili kwamba semina fulani ilifanyika na watu wakahudhuria. Haikufanyika. Nilipokataa kusaini, sikujibiwa kwa hoja wala kwa risiti. Nikaambiwa nina roho ya uasi. Yaani ndani ya nyumba inayofundisha "usiseme uongo", anayekataa kusema uongo ndiye anayehitaji kuombewa! Tangu siku hiyo usingizi umekuwa shida. Ofisi ya kawaida ikikudanganya unaudhika, unaenda zako nyumbani. Hapa anayekuagiza udanganye ndiye anayekuongoza kwenye sala, na hujui jioni utaongea naye kama bosi au kama kiongozi wako wa roho.

Nikamfuata mmoja wa viongozi kwa siri nikamweleza nilivyochoka. Kikao kilichofuata: "Tumuombee ndugu yetu, anapitia kipindi kigumu." Ofisi nzima ikajua. Huo ndio ushauri nasaha wetu.

Na asiniambie mtu kwamba ni udhaifu wa imani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu huu wa kuishiwa nguvu kabisa (kwa Kiingereza "burnout") kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Kazini, wakuu, si kwenye mapepo. Christina Maslach na Michael Leiter, waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, wanataja maeneo sita yanayomchosha mfanyakazi, na mgongano wa maadili ni mojawapo, pamoja na kukosa haki. Sisi tunayo yote mawili, na kazi juu yake.

Tena utafiti wa Bunderson na Thompson wa mwaka 2009 ulihusu watunza wanyama wa bustani za wanyama (ndiyo, wanyama, wala si roho za watu). Waliokuwa wakiiona kazi yao kama wito walipata maana kubwa ndani yake, na hao hao ndio waliokuwa tayari kujinyima zaidi na waliokuwa rahisi kunyonywa. Kwa hiyo mwajiri anayekusifia wito wako kila siku, chunguza hati yako ya mshahara.

Msidhani natunga. Machi 2018 jarida la wanawake la gazeti la Vatikani lenyewe liliandika juu ya masista wanaowapikia na kuwafulia viongozi wa kanisa kwa malipo kiduchu au bila malipo kabisa. Wao walithubutu kuyasema. Huku kwetu ukisema unaambiwa unaichafua dini.

Najua watakuja wa "kama hutaki acha kazi". Kuacha kazi hapa si kubadilisha ofisi. Unaacha unaposwali au unaposali, unaacha marafiki, mwenzi wako anaulizwa maswali, na barua ya utambulisho anaiandika yule yule uliyemkatalia kusaini. Wao wanalijua hilo vizuri sana.

Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akalala tena. Sisi tumeletewa mkesha.

Walio kwenye bodi za taasisi hizi, najua mnasoma humu. Kwa nini mfanyakazi hana mtu wa kumpelekea malalamiko ambaye si kiongozi wake wa ibada? Makato ya pensheni yanayoonekana kwenye hati ya mshahara lakini mfuko hauyaoni yanaenda wapi? Jibuni hapa, na msinijibu kwa aya.