Fundi kashusha imeji (nakala ya diski nzima) ya kompyuta kuukuu juu ya mpya, kazi zangu zimefutika!

Wakuu, mnivumilie, nina hasira.

Nina duka la kuchapa na fotokopi hapa Arua. Kompyuta yangu ya Windows 7 ilikuwa imechoka, nikapanda basi la usiku hadi Kampala nikanunua nyingine, yenye diski ya NVMe (aina mpya ya kasi) na Windows 11 yake. Nimeifanyia kazi wiki tatu. Lililobaki lilikuwa kuhamisha mafaili ya zamani, nikamwita fundi wa hapa mjini. "Mama, nachukua imeji ya diski nzima naishusha kule, utakuta kila kitu kama ulivyokiacha." Shilingi 120,000, nikalipa.

Hakuniuliza kama mashine mpya ina kitu ndani. Swali moja tu hilo! Imeji ya diski nzima ukiirudisha haikai pembeni ya vilivyopo, inapanga partisheni (migao ya diski) upya na kufuta vyote. Mitihani ya P.7 (darasa la saba) ya shule mbili, kadi za harusi, orodha ya wateja ninaowadai, vimekwenda pamoja na Windows 11 yenyewe.

Na hiyo aliyoishusha imewaka? Wapi! Skrini ya buluu, kosa 0x0000007B, yaani Windows haioni diski ya kuwakia, inazima, inawaka, buluu tena. Jamani, Windows 7 haikuja na draiva (programu ya kutambua kifaa) ya NVMe, diski itaionaje? Yeye akaniambia mashine niliyonunua ni mbovu. Mashine iliyochapa wiki tatu bila kukwama!

Kinachoniuma ni kwamba haikuwa lazima kabisa. Jioni mpwa wangu alikuja akaweka Windows 11 upya, leseni ikajitambua yenyewe kwa sababu imefungwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Akachomeka diski ya nje aliyoiacha fundi, yenye ile imeji. Ni faili la VHD, yaani diski nzima ndani ya faili moja. Akalibofya mara mbili, likafunguka kama flashi, tukanakili folda zangu za miaka yote. Hata saa moja haikuisha. Imeji unairudisha nzima kwenye mashine ileile iliyoharibika. Ukihamia mashine nyingine unaifungua, unachota mafaili yako, programu unaziweka upya. Mtu anayelipwa kwa kazi hiyo anakosaje kulijua hilo?

Kazi za wiki tatu ndizo hazikurudi. Kabla ya kuweka Windows, mpwa alijaribu programu ya kufufua mafaili, ikatoa vipande visivyofunguka. Walimu wanataka mitihani Jumatatu, nami nachapa upya usiku kucha kutoka kwenye karatasi zao za mkono.

Kesho asubuhi naenda kudai 120,000 yangu. Kuna aliyewahi kumdai fundi fidia ya data hapa Uganda akalipwa? Alianzia kwa LC1 (baraza la kijiji) au polisi?